Meno ya Goreti na Akiba ya Uzeeni

Siku ya kuniaga kliniki walinipa maua na keki ya lozi, wakaniomba niseme maneno machache. Nilisema asanteni, nikakaa. Neema, ambaye sasa amechukua kiti changu, alinifuata jikoni akaniambia kwamba nimewapunja, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi vinywani mwa watu kwa miaka ishirini na saba akawa hana la kusimulia. Aliyasema hayo kwa Kiswidi. Wazazi wake ni watu wa Mwanza na Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiswidi. Nikamwahidi kwamba nitaandika. Nimeandika kwa Kiswahili ili angalau asome polepole, halafu awaeleze wenzake.

Habari za vyeo mtanisamehe, sikupata. Niliingia nikiwa muuguzi wa meno, nikatoka nikiwa muuguzi wa meno. Nilichopata kwa wingi ni kuchanganyikiwa, na nilianza siku ya kwanza.

Kliniki ilikuwa pale pale mtaa wa Rinkeby ilipo leo, ghorofa ya chini, hatua chache kutoka duka la vitambaa. Nilikuwa nimemaliza mafunzo na cheti ninacho, lakini mafunzoni jino lilikuwa picha ukutani. Daktari Anneli aliinamia kinywa cha mzee mmoja akawa ananitajia namba, nami naandika. Akasema kumi na moja, nikahesabu haraka haraka kutoka gego la mwisho mpaka nikafika la kumi na moja. Akasema ishirini na sita, nikahesabu tena. Alipokuja kutazama nilichoandika, alikifuta chote. Kwa kazi yetu, jino la kumi na moja si la kumi na moja. Ni jino la mbele la juu, upande wa kulia, na kulia maana yake ni kulia kwa mgonjwa, yaani kushoto kwako wewe unayemtazama. Ukifika kumi na nane, linalofuata ni ishirini na moja. Kumi na tisa haipo, wala ishirini haipo. Mafunzoni nilikuwa nimelijibu swali hilo nikapata alama zote. Kumbe kujibu na kujua ni vitu viwili.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Barbro, muuguzi wa zamani aliyetoka huko kaskazini. Watu wa kwao wakitaka kusema ndiyo, wanavuta pumzi ndani kwa ghafla, kama mtu aliyechomwa na sindano. Wiki nzima ya kwanza kila nilipomuuliza kama nimefanya sawa, yeye anavuta pumzi, mimi naachia kila nilichoshika nikidhani nimeumiza mtu. Mwishoni alinieleza, naye akacheka mpaka akavua miwani.

Barbro alinifundisha kushika mpira wa kunyonya mate kwa vidole vitatu, nisiukamate kama mchi. Alinifundisha kumgusisha mgonjwa kwanza mkononi, asikie namna unavyovuta, ndipo uingie kinywani. Ule unga wa kuchukulia umbo la meno alinifundisha kuuchanganya kwa maji baridi wakati wa kiangazi, maana ya uvuguvugu yanauwahisha kuganda ukiwa bado kwenye bakuli. Na alinifundisha kutazama miguu ya mgonjwa. Macho ya mtu mzima yanaficha hofu, alisema, vidole vya miguu haviwezi. Vikijikunja, gusa bega la daktari, naye atasimama.

Kitu ambacho Barbro hakuweza kunifundisha ni ile kazi ya pili, ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya. Mimi ni mtu wa Morogoro, na kwenye kile chumba cha kusubiria Kiswahili kilikuwa kinaingia kwa miguu mingi. Wakenya, Wakongo, Warundi, kila mmoja na chake. Kwa mambo ya matibabu tulikuwa na mkalimani wa simu. Lakini mkalimani akishakata simu, mgonjwa anatoa karatasi nyingine mfukoni. Ya shule. Ya nyumba. Ya kodi. "Dada, hebu nisomee tu hapa." Mimi nikasoma. Miaka ikaenda nikawa nasoma barua za watu kama sehemu ya kazi, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, watu waliamini kwamba ninaelewa.

Hapo ndipo anapoingia Goreti.

Goreti ni Mrundi, anakaa mtaa wa Akalla. Alikuja kwetu akiwa ametimiza miaka hamsini na tano majuma machache nyuma. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, anayezungumza ameinamisha kichwa na kiganja kikiwa mdomoni. Fizi zake za chini zilikuwa zimeugua miaka mingi bila kutibiwa, meno ya taya lile yakawa yanacheza yote, kuanzia la mbele hadi la nyuma. Daktari Anneli aliyasukuma kidogo kwa kidole kimoja tu, kisha akavua barakoa ili aseme vizuri. Meno ya chini hayaokoki. Yatang'olewa, halafu kuna njia mbili. Ya kwanza ni meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo taya la chini huwa haliyashiki vizuri, yanaelea. Ya pili ni kupandikiza skrubu kwenye mfupa, na juu yake kujenga meno yasiyotoka. Serikali inasaidia sehemu, lakini sehemu inayobaki kwa mgonjwa ni kubwa.

Goreti akauliza kama mtu mwenye meno yasiyotoka anaweza kusoma kwa sauti.

Sikuelewa swali. Akanieleza. Alikuwa msaidizi kwenye shule ya watoto wadogo, wale wa miaka mitatu na minne. Kazi yake aliyoipenda kuliko zote ni kukaa nao sakafuni baada ya chakula na kuwasomea vitabu. Sasa mkuu wake alikuwa ameona kwamba anasoma ameziba mdomo, watoto hawasikii, akampendekezea ahamie jikoni.

"Jikoni si kubaya," nikamwambia.

"Dada Zuhura, mi nimesafisha ofisi za watu miaka kumi na nne. Watu wametoka, niko peke yangu na mashine. Miaka kumi na nne nimekaa kimya. Sasa nimepata watoto wananisikiliza. Sitaki kurudi kimya."

Majuma mawili baadaye akaja na mfuko wa plastiki wa kugandishia nyama, ndani yake barua. Tukakaa jikoni kwa wafanyakazi, saa ya chakula cha mchana. Shoga yake wa kanisani alikuwa amemwambia kwamba ukitimiza hamsini na tano unaweza kuchukua akiba yako ya uzeeni mapema. Ni kweli au si kweli?

Ni kweli na si kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Huku akiba ya uzeeni haikai mahali pamoja. Kuna ya serikali, ambayo huigusi mpaka ufike umri waliouweka, na umri wenyewe wanausogeza mbele. Kuna ile anayokuwekea mwajiri, ambayo Waswidi wanaiita tjänstepension, na hiyo ndiyo inayoweza kuanza kuchukuliwa mapema, kwa masharti yake. Na kuna ambayo mtu amejiwekea mwenyewe. Mimi nilikuwa nazo mbili kati ya hizo tatu, sikuwa na hakika ni zipi. Barua zilikuwa zinakuja kila mwaka. Nilikuwa nazipanga vizuri sana kwenye faili.

Katika barua za Goreti ilikuwepo moja kutoka kampuni iliyotunza akiba ya ile kazi yake ya zamani ya usafi. Ilisema anaweza kuanza kuichukua akitia saini fomu iliyoambatanishwa. Ilitaja jumla yake, na hiyo jumla ilikaribia gharama ya meno kana kwamba mtu alikuwa amezipima pamoja. Chini yake palikuwa na sentensi ndefu, kwamba malipo yanafanyika kwa muda usiopungua miaka mitano. Niliisoma mara mbili. Nikaielewa hivi: mlango unafunguliwa, na unakaa wazi miaka mitano, kwa hiyo mtu asiwe na haraka.

"Ukitia saini, pesa ipo," nikamwambia. "Una miaka mitano."

"Yote?"

"Yote."

Akanishika mkono. Akatia saini pale pale, kwenye meza ya jikoni, kando ya mashine ya kahawa. Kalamu ilikuwa yangu.

Daktari Anneli aliyang'oa yale meno kwa siku mbili tofauti. Goreti alilala kwenye kiti na vidole vya miguu vikiwa vimenyooka kabisa. Tukampa meno ya muda ya kuvaa wakati kidonda kinapona, na tukaandika tarehe ya kupandikiza skrubu.

Kabla tarehe haijafika akaja asubuhi moja bila miadi. Alikaa na koti lake zito bila kulifungua kifungo. Nilipotoka kumtazama akanionyesha simu yake.

"Wameweka kidogo, dada. Labda zingine zinakuja kesho?"

Ilikuwa kiasi cha kununulia viatu vizuri vya majira ya baridi, jozi moja. Nikamwomba ile barua. Nikaisoma tena, nimesimama, na sentensi ile ile ikasema kitu kingine. Miaka mitano ulikuwa muda wa kukatiwa vipande. Kila mwezi kipande, na kila kipande kinatolewa kodi kwanza, tena kodi nzito kwa sababu bado ana mshahara. Pesa yote ilikuwa yake, kweli, lakini angemaliza kuipata akiwa na miaka sitini.

Nilimwambia asubiri. Nikaingia chumba cha kusafishia vyombo, nikafunga mlango, nikapiga simu kwenye ile kampuni. Nilisubiri kwenye foleni yao muda wa kutosha mashine ya mvuke kumaliza mzunguko mzima. Aliyepokea alikuwa kijana mpole sana. Alinieleza kwamba kwanza haruhusiwi kuzungumza nami juu ya akiba ya mtu mwingine. Pili, kwa jumla tu, bila kumtaja mtu, malipo yakishaanza hayasimamishwi, na hayawezi kutolewa yote mara moja isipokuwa akiba yenyewe iwe ndogo mno. Nikamuuliza je, mtu aliyetafsiri vibaya anaweza kuandika barua ya kueleza. Akaniuliza kama kuna jambo jingine anaweza kunisaidia.

Nilitoka nikamwambia Goreti ukweli. Sikuweza kuusema vizuri. Nilianza na kodi, nikarudi kwenye miaka mitano, nikaruka kwenye kijana wa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ulisoma vibaya?"

"Nilisoma vibaya."

"Na meno yameshatoka."

"Yameshatoka."

Akafunga koti, ambalo lilikuwa limefungwa tayari, akaondoka.

Miezi ile sikumbuki vizuri nilivyoimaliza. Msinielewe vibaya, kazini nilifika kila siku na vyombo vilisafishwa. Lakini nilikuwa kama mtu aliyeshuka stesheni ambayo si yake na bado anatembea. Nilikuwa nimefanya kosa, hilo lilikuwa wazi. Lisilokuwa wazi ni kosa lenyewe liko wapi. Kusoma barua? Mbona nilikuwa nimesoma mia kabla yake, na watu walirudi na ndizi na sambusa kunishukuru. Kutokusoma? Angesomewa na nani?

Halafu Goreti akanipigia simu, mara ya kwanza tangu siku ile. Meno yake ya muda yalikuwa yametoka mbele ya watoto. Alikuwa anawasomea habari za dubu, alipofika mahali dubu ananguruma, taya lote bandia likainuka likasimama nje ya mdomo. Mtoto mmoja alilia. Mwingine akaomba arudie. Alinisimulia kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, na mimi sikujua kama nacheka au nalia, nikafanya vyote viwili nikiwa nimeziba simu. Akamalizia kwamba Jumatatu anaanza jikoni.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Daktari Anneli kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Miaka yote ile nilikuwa nashindwa kumwita Anneli bila neno daktari, ingawa humu wote wanaitana kwa jina. Siku hiyo nilisahau.

"Anneli," nikasema, "mimi ndiye niliyemwambia Goreti atapata pesa yote."

Alikuwa anaosha mikono. Aliendelea kuosha.

"Hukupaswa kumsomea zile barua," akasema.

"Najua."

"Sisi ni kliniki ya meno. Haturuhusiwi kumshauri mtu juu ya akiba yake."

"Najua."

Akafunga maji. "Na mimi nilimwandikia gharama yote ile kwenye karatasi moja, nikamtazama anaitia saini, sikumuuliza pesa anaitoa wapi. Niliona haya kuuliza." Akachukua karatasi ya kufutia. "Sijui nani kati yetu alikosea zaidi, Zuhura. Lete faili lake."

Tulikaa na lile faili saa ya chakula. Alichora mpango mwingine. Badala ya skrubu nyingi na meno yasiyotoka, skrubu mbili tu, mbele, na juu yake vifungo vidogo kama vile vya kubonyeza vya koti la mtoto. Meno ya bandia yanabonyezwa pale, yanashika, na usiku yanavuliwa kuoshwa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na kliniki ilikubali alipe kila mwezi, kwa kile kile kipande anachopokea. Kwa nini mpango huo hatukuutaja tangu mwanzo? Anneli alisema mgonjwa aliomba yasiyotoka. Ni kweli aliomba. Ni kweli pia kwamba hakujua kuna kingine cha kuomba. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado linanizungusha.

Safari hii alikuwepo mkalimani wa simu. Nilikaa pembeni nimefunga mdomo. Goreti alisikiliza, akauliza maswali yake, na mwisho akageuka kwangu, si kwa simu.

"Yanashika? Dubu akinguruma?"

"Yanashika," nikasema. Hilo nilikuwa na hakika nalo, nilikuwa nimeyaona kwa macho.

Skrubu zilipandikizwa, mfupa ukaachwa ushike miezi mitatu. Siku ya kuvalishwa Daktari Anneli alibonyeza, tukasikia mlio, tak, kisha tak. Goreti alifunga kinywa, akafungua, akafunga. Nilikwenda jikoni nikaleta kipande cha mkate mkavu wa Kiswidi, ule wa kuvunjika kama kigae. Kwa kweli tunatakiwa kuwaambia waanze na vitu laini. Daktari akatazama dirishani. Goreti akauma, na mlio wake ulisikika mpaka mapokezi. Akatafuna taratibu, machozi yanamtoka, akala kipande chote mpaka vumbi la kiganjani.

Jikoni alikaa miezi minne kwa jumla. Kisha mtoto mmoja, yule aliyeomba arudie, alikataa kusomewa na mtu mwingine, na mkuu akamrudisha sakafuni na vitabu vyake.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngefurahi. Lakini ile miaka mitano ilikwisha. Kipande cha mwisho kikaingia, na baada yake hakikuingia kitu. Goreti alikuja kukaguliwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Skrubu zilikuwa imara. Tulikaa kwenye kiti cha korido tukizungumza, akanieleza kwamba amepigiwa hesabu ya akiba iliyobaki, na kwamba itambidi afanye kazi miaka mingi zaidi kuliko wenzake. Magoti yameanza kumsumbua. Kukaa sakafuni anaweza, kuinuka ndiyo shida, watoto wawili wanamvuta mikono.

Nilikuwa nimelibeba swali moja muda mrefu, nikaona nisipoliuliza siku ile sitaliuliza tena.

"Goreti, kama ningesoma vizuri siku ile, nikakwambia ni vipande vya miaka mitano, ungetia saini?"

Aliwaza. Hakuziba mdomo.

"Siku zingine nasema ndiyo. Siku zingine, goti likiuma, nasema hapana," akajibu. "Wewe unataka nikuambie ulikosea ama hukukosea?"

"Nataka kujua."

"Mi pia nataka kujua, dada."

Tukacheka kidogo. Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Sasa hili ndilo la kwenu, mnaoanza. Wiki yangu ya mwisho Neema aliniletea mwanamume mmoja aliyetoka Skärholmen kwa treni, Mkongo wa makamo, shavu limevimba na barua mkononi. Amesikia kwamba mtu anaweza kuchukua akiba yake ya uzeeni mapema akatengeneze meno. Je, ni kweli? Akaninyooshea barua. Neema alikuwa ananitazama.

Nilimwambia yule baba kwamba sijui. Nikamwona anavyonywea, kwa hiyo nikavuta viti vitatu. Tulipiga simu kwa kampuni yake, yeye mwenyewe akaomba tuwepo tukisikiliza, na nikamweleza Neema kwamba kila neno lisiloeleweka tutaliuliza pale pale. Lini. Kiasi gani kwa mwezi. Kodi ikitoka, kinabaki nini. Inaweza kusimamishwa au haiwezi. Tuliuliza kuhusu "muda usiopungua" mara saba, mama wa upande wa pili akaanza kuvuta pumzi za ndiyo kama Barbro. Halafu tukamwita Daktari Anneli, naye akataja njia zote za kutengeneza meno yake, hata ile ya bei nafuu, hata ile ya kusubiri.

Ilituchukua asubuhi nzima na wagonjwa wawili walilalamika. Yule baba akakunja barua yake akaondoka bila kuamua lolote. Katika miaka ishirini na saba, sidhani kama nimewahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.